Mdudu wa Milia ya Mahindi na Watoto Wake

Wakulima wa Mwanza na wa kando ya Ziwa Victoria wanaujua ugonjwa wa milia ya mahindi. Majani hutokea michirizi ya njano ifuatayo urefu wa jani, na mmea upatwapo ungali mchanga huenda usizae kitu. Wengine husema ni mbegu mbaya, wengine husema shamba limerogwa. Sivyo. Ugonjwa huu ni wa virusi, vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo huchukuliwa na mdudu mdogo arukaye, afyonzaye utomvu wa majani.

Je, mdudu huyu huwarithisha watoto wake virusi hivyo? Watu husema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Bwana H. H. Storey alilichunguza jambo hili katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, akatoa habari zake mwaka 1932. Aliona kwamba wako wadudu wawezao kueneza ugonjwa, na wako wasioweza hata wakifyonza mmea mgonjwa. Akampandisha dume awezaye kwa jike asiyeweza. Watoto wa kike wakaweza kama baba yao. Wa kiume hawakuweza. Kisha akawatoboa utumbo kwa sindano baadhi ya wale wasioweza, nao wakaweza; maana ukuta wa utumbo ndio uliovizuia virusi visipite.

Basi angalieni vema: baba harithishi ugonjwa, hurithisha uwezo wa kuuchukua. Ni kama mzee amwachiaye binti yake mtumbwi usio na shehena. Mtoto huzaliwa safi, mpaka afyonze mmea mgonjwa. Si wadudu wote walio hivyo: mwaka 2019 wataalamu wa China walieleza juu ya virusi vya mpunga vinavyoshikamana na mbegu za kiume za mdudu, vikawafikia watoto.

Kwa mahindi yetu, shehena hutoka shambani. Kwa hiyo ng'oeni mapema miche yenye milia. Msipande mahindi machanga karibu na ya zamani yaliyougua, wala msiache majani ya porini kandokando ya shamba, kwa kuwa baadhi yake huficha virusi. Majirani na wapande wakati mmoja. Walimu na wazee wa vijiji wawaeleze watu haya kabla ya mvua, kwani mmea ukiisha kuugua hauna dawa.