Mchochota Sugu na Magonjwa Yasiyoambukiza

Mchochota ni namna mwili unavyojikinga dhidi ya jeraha au vijidudu. Ukichomwa na mwiba, sehemu hiyo huwa nyekundu, huvimba, hupata joto na kuuma, kwa sababu damu na seli nyeupe huongezeka hapo. Mwiba ukitoka, hali hiyo hutulia baada ya siku chache. Huu ni mchochota wa muda mfupi.

Mchochota sugu hutokea pale kichokozi kisipoondoka. Chukua mfano wa mchoma mkaa wa Msata, mkoani Pwani, anayevuta moshi wa tanuri mwaka hadi mwaka. Kila mara seli nyeupe huingia mapafuni kupambana na chembe za moshi. Vimeng'enya vinavyotolewa na seli hizo huharibu kuta za vifuko vya hewa, na njia za hewa huwa nyembamba. Matokeo yake ni kikohozi cha kudumu na kukosa pumzi. Ugonjwa huu hauambukizi, hivyo antibiotiki haziondoi chanzo chake.

Matibabu:
(a) Kuepuka moshi.
(b) Dawa za kuvuta kwa mdomo, zinazopanua njia za hewa au kupunguza mchochota.

Vifuko vilivyoharibika havirudi, kwa hiyo hatua (a) isicheleweshwe.

Zingatia: Mchochota sugu huhusika pia katika pumu, kisukari cha aina ya 2 na magonjwa ya moyo.

Swali: Kwa nini dawa ya kikohozi pekee haimtoshi mgonjwa huyu?