"Tangu Kale": Je, Ni Tangu Lini?

Mgeni atokaye mwambao, afikapo Mbarara kwa mara ya kwanza, hupata jambo la kumshangaza sokoni. Ataja bei anayoiweza kwa mkungu wa matoke, na muuzaji amjibu kwa neno moja tu: "Kare." Mgeni hubaki akijiuliza mambo ya kale yameingiaje katika ndizi. Hajui ya kuwa kwa Wanyankole neno hilo ni la kukubali, maana yake "vyema", kama vile Waganda wasemavyo "kale" wanapopatana.

Kosa la namna hiyo halimdhuru mtu. Huishia katika kicheko na mkungu hupakiwa. Lakini neno "kale" katika Kiswahili chenyewe lina makosa makubwa zaidi, kwa kuwa kila mmoja wetu hudhani analielewa. Nalo hutamkwa kila siku barazani, nyumbani, na mbele ya meza ya askari polisi anayeandika maelezo. Inafaa basi, ndugu msomaji, tulichungue.

KALE, ZAMANI NA KUUKUU

Kwanza tulitenge na jamaa zake. Kitu kilichochakaa kwa kutumiwa huitwa kikuukuu: nguo kuukuu, chungu kikuukuu. Hiyo ni habari ya uchakavu, wala si ya umri; shati la mwaka jana laweza kuwa kuukuu. Neno "zamani" tumelipokea kutoka Kiarabu, nalo hufaa hata kwa mambo ya karibu: mwalimu wako wa zamani yamkini yu hai, na jana mmesalimiana njiani.

"Kale" ni neno la Kibantu, na ndugu zake wametapakaa mbali. Mkongomani asemaye Kilingala hutamka "kala", Mnyarwanda na Mrundi hutamka "kera", na kule Malawi pia husema "kale". Katika Kiswahili neno hili huvuta fikira nyuma kabisa, mahali ambapo kumbukumbu ya aliye hai haifiki. Ndiyo maana Wakristo husema Agano la Kale, na serikali ya Tanzania ina Idara ya Mambo ya Kale inayotunza magofu na vitu vya wahenga. Kale ya namna hii huchimbwa, hupimwa na kuhifadhiwa.

Iko kale nyingine, ile iliyokwisha nguvu. Methali ya wazee wetu, ambayo haina haya, husema: mavi ya kale hayanuki. Maana yake ni kwamba ugomvi uliopita usifufuliwe. Hapa kale si hazina ya kutunzwa, bali ni kitu cha kufukiwa. Tena iko ya tatu, nayo ndiyo yenye hatari: kale itumiwayo kama hati ya kudai haki. "Sisi tuko hapa tangu kale." Atamkaye maneno hayo hasimulii tu, anadai.

KAMUKUZI: KALE YA NANI?

Maana hizo tatu hukutana juu ya kilima cha Kamukuzi, Mbarara. Hapo ndipo palipokuwa na ikulu ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Ufalme huo ulitia sahihi mkataba na Waingereza mwaka 1901, na ulifutwa pamoja na falme nyingine za Uganda mwaka 1967. Omugabe wa mwisho kutawala alikuwa Charles Godfrey Gasyonga wa Pili. Falme za wengine ziliporudishwa mwaka 1993, ule wa Ankole haukurudishwa.

Kwa nini? Moja ya sababu imo ndani ya neno letu. Wako Wanyankole ambao kwao kale ya Kamukuzi ni fahari: ng'ombe wa pembe ndefu, ngoma takatifu ya Bagyendanwa, na heshima ya taifa. Wako wengine, hasa miongoni mwa Wairu waliokuwa wakulima, ambao kale hiyo hiyo huwakumbusha kuwekwa chini ya Wahima waliokuwa wafugaji na watawala. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Wairu waliopata elimu walianzisha mwungano wa Kumanyana, yaani kujuana, ili kupinga ubaguzi katika vyeo na masomo. Basi mmoja ataka kale itunzwe, na mwingine ataka ifukiwe. Kabla ya kumwita mmoja wao mkaidi, yafaa tuulize: ni kale ya nani inayosemwa?

NAKIVALE: KALE MBILI SHAMBA MOJA

Kusini-mashariki mwa Mbarara, katika wilaya ya Isingiro, yako makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao walianza kupokewa huko mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1960 makazi yakatambuliwa rasmi. Baadaye wakaja Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha za kuwaunganisha. Familia hupewa kipande cha ardhi kulima, na migogoro ya mipaka baina ya wakimbizi na wenyeji imewahi kutokea.

Tuchukue mfano. Mfugaji mwenyeji asema: "Malisho haya ni yetu tangu kale." Mkulima mkimbizi ajibu: "Mzee, nami nalima hapa tangu kale." Askari aliyeitwa kusuluhisha aweza kudhani kuwa mmoja asema uongo. Kumbe wote wawili huenda wasema kweli. Wa kwanza ahesabu tangu babu wa babu yake; wa pili ahesabu tangu baba yake alipokabidhiwa jembe na blanketi. Neno ni moja, lakini katikati yake pana miaka mia moja.

Sheria haiijui kale. Sheria yajua miaka. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998, kwa mfano, humtambua mtu aliyekaa katika ardhi yenye hati ya mwingine bila kupingwa na mwenye hati kwa miaka 12 au zaidi kabla ya kuanza kwa Katiba ya 1995. Haikuandika "tangu kale". Imeandika 12. Kwa hiyo askari anayeandika maelezo na kuliacha neno hilo lilivyo, hakuandika ushahidi. Ameandika fumbo, na fumbo hilo laweza kumnyima mtu haki yake mahakamani.

JUA LILIPOPATWA BIHARWE

Huenda msomaji akasema: "Mzee asiyesoma atatajaje mwaka?" Jibu liko kando ya barabara iendayo Masaka, mahali paitwapo Biharwe. Masimulizi ya Wanyankole husema kwamba mfalme Olimi wa Bunyoro aliishambulia Nkore na kuondoka na ng'ombe wengi. Alipofika Biharwe, jua likazimika mchana. Majeshi yakashikwa na hofu, yakakimbia na kuacha mateka, na Wanyankole wakapata ng'ombe kana kwamba wameanguka kutoka mbinguni.

Waliosimulia hawakuwa na kalenda. Lakini walitaja mambo mawili yenye thamani: mahali, na kupatwa kwa jua. Wataalamu walipopiga hesabu ya mwendo wa jua na mwezi, walilihusisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa Aprili 1520, na leo mnara wa ukumbusho umesimama Biharwe. Ingawa wako wanachuoni wanaojadili tarehe hiyo, funzo halibadiliki: kale hupata mwaka ikifungwa kwenye tukio lijulikanalo.

KUIPA KALE MIAKA

Basi, ndugu askari, ukiambiwa "tangu kale", usimkemee mzee wala usimharakishe. Mpe kiti, kisha umwulize kwa adabu: "Mzee, ulikuwa umeshafika hapa Uganda ilipopata uhuru?" Hiyo ni Oktoba 1962. "Ufalme ulipofutwa?" Ni 1967. "Mbarara iliposhambuliwa wakati wa Amin?" Ni Septemba 1972. "Majeshi ya Tanzania yalipoingia Mbarara?" Ni Februari 1979. Kwa mkimbizi, uliza kama aliondoka kwao katika machafuko ya Rwanda yaliyoanza mwaka 1959, mauaji ya Burundi ya 1972, mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, au vita vya Kongo vilivyoanza 1996. Kwa maswali machache tu kale itageuka kuwa ushahidi.

Na nyumbani, akina mama na akina baba, nunueni daftari. Andikeni majina ya mababu, kijiji walikotoka, na tukio lililokuwapo walipozaliwa, walipooa au walipohama. Fanyeni hivyo wazee wangali hai na sauti zao zingali na nguvu. Familia za askari huhamishwa kila mara kutoka kambi hadi kambi. Mtoto wa kambini, kama alivyo mtoto wa mkimbizi, aweza kukua bila kujua kwao ni wapi.

Nimesema kwamba Mnyarwanda husema "kera" kwa maana ya kale, nayo hadithi za watoto huanza kwa neno hilo. Lakini katika lugha yake neno hilo hilo laweza pia kutaja siku za mbele, zilizo mbali bado. Bibi wa Nakivale amwambiapo mjukuu wake habari za "kera", aweza kuwa anasimulia nyumba aliyoiacha, au siku ambayo mtoto huyo atajenga yake. Mjukuu asiyeuliza hatajua ni ipi kati ya hizo mbili. Basi na aulize, na majibu yaandikwe katika daftari.