Dirisha la Daraja A Chini ya Jua la Lubumbashi

Je, wajua kwamba dirisha lenye daraja A huko Uingereza huenda limelipata kwa sababu linakaribisha jua ndani? Shirika la BFRC, linalopanga madirisha kwa herufi, lina hesabu yake. Sehemu ya jua inayopenya dirishani huzidishwa kwa 218.6. Joto linalotoroka kupitia kioo, fremu na mianya huzidishwa kwa 68.5, kisha hutolewa humo. Jibu likifika sifuri au zaidi, mwenye nyumba amenunua angalau A. Kwa Mwingereza anayelipia joto la ndani miezi mingi kwa mwaka, jua ni zawadi.

Sasa lichukue dirisha hilo ulifunge Lubumbashi, kwenye ukuta wa magharibi, mwezi wa kumi.

Lebo za madirisha husimama juu ya namba mbili kubwa. Ya kwanza, U, husema joto linapita kwa kasi gani pale ndani na nje panapotofautiana. Kioo kimoja cha kawaida kina U ya karibu 5.8, vioo viwili vyenye hewa katikati, karibu 2.8; ukiongeza utando wa fedha usioonekana kwa macho na gesi ya agoni, huteremka hadi 1.1 hivi. Namba ya pili ni sehemu ya joto la jua inayoingia. Kioo cheupe chembamba huingiza 0.86, yaani karibu yote.

Muuzaji hupenda kuisifu ile ya kwanza. Tupige hesabu. Dirisha la mita 1.5 za mraba, kioo kimoja, nje kumezidi ndani kwa nyuzi 8: joto linalopita kwa njia hiyo ni wati 70 tu. Weka vioo viwili, umeokoa wati 36. Lakini jua la alasiri likilipiga dirisha hilohilo kwa wati 600 kila mita ya mraba, zinaingia wati zaidi ya 770, sawa na pasi ya umeme iliyoachwa inawaka chumbani. Ndiyo maana mpango wa Energy Star wa Marekani, tangu 2023, hauyapi nembo yake madirisha ya majimbo ya kusini yenye joto yanayoingiza zaidi ya 0.23 ya jua. Kwa dirisha letu hiyo ni kama wati 207. Lubumbashi, namba ya kumuuliza fundi wa alu ni hii ya pili. (Na hiyo alu yenyewe hupitisha joto upesi mno, fremu ya mbao huishinda kwa mbali, ingawa mchwa nao wana neno lao.)

Ila kabla ya kununua kioo cha bei, tazama jua linapopita. Mji uko nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta. Mnamo tarehe 23 au 24 Oktoba, na tena katikati ya Februari, jua la adhuhuri hupita utosini. Mwezi wa sita huhamia kaskazini na kusimama nyuzi 55 juu ya upeo. Paa lililotokeza sentimita 60 juu ya ukuta wa kaskazini huutia kivuli chote adhuhuri ya Oktoba. Juni kivuli hicho huishia sentimita 86 chini ya ukingo wa paa, na chini yake jua hufika, wakati ambao baridi ya usiku imewafanya watu wasogelee mbabula. Paa hilo hufanya kazi ambayo kioo hakiwezi: kinachozuia jua la Oktoba hulizuia la Juni pia.

Magharibi ndiko kwenye taabu. Saa kumi alasiri ya Oktoba jua liko nyuzi 30 tu, na paa lilelile hutoa kivuli cha sentimita 35. Hapo barza pana, mwembe, au vibao vya nje vya kukinga jua vina kazi. Pazia la ndani husaidia kidogo, kwa kuwa joto limekwisha kuvuka kioo. Na umeme ukikatika, klimatiza hunyamaza. Mwembe hauna mita. Ukuta huo ukikosa nafasi ya mti, basi toa pesa kwa kioo cha 0.23, kwa madirisha ya upande huo tu.