Atomi na Mwanga: Maana ya Moto wa Manjano na Jua la Pwani

Munje ni kijiji cha wavuvi kilichoko karibu na Msambweni, katika pwani ya kusini ya Kenya, Kaunti ya Kwale. Wenyeji wake, kama wenyeji wote wa pwani, huishi kati ya vitu viwili visivyokwisha, yaani chumvi na jua. Huenda mtu akadhani kwamba vitu hivi havina uhusiano wowote. Lakini wataalamu wa kemia wameonyesha kwamba habari ya chumvi motoni na habari ya jua juu ya ngozi ya mtu ni habari moja, nayo ni habari ya atomi na mwanga. Yafaa kila mtu aijue, maana ndani yake imo njia ya kuyalinda macho na ngozi.

CHUMVI MOTONI

Mpishi akitumia jiko la gesi, ambalo moto wake ni wa buluu, na maji yenye chumvi yakafurika kutoka katika sufuria, moto hugeuka mara moja ukawa wa manjano yaliyokolea. Maji matupu hayafanyi hivyo. Moto wa kuni nao ni wa manjano, lakini sababu yake kubwa ni nyingine: ndani yake mna chembe za masizi zilizopata moto sana hata zikang'aa, kama chuma king'aavyo mbele ya mhunzi. Rangi itokanayo na chumvi haitoki katika masizi, bali hutoka katika atomi moja moja za sodiamu, ambayo pamoja na klorini ndiyo chumvi yenyewe.

ATOMI NI NINI?

Kila kitu, kiwe maji, jiwe, samaki au mwili wa binadamu, kimefanyizwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Atomi milioni 10 za haidrojeni zikipangwa katika mstari mmoja, urefu wake ni kama milimita 1 tu. Katikati ya kila atomi mna kiini, na nje ya kiini mna elektroni. Kiini kiligunduliwa na Ernest Rutherford, aliyetangaza habari zake mwaka 1911 alipokuwa akifanya kazi Manchester, Uingereza. Kiini hicho ni kidogo ajabu. Kama kiini cha sodiamu kingekuwa punje ya mchanga yenye upana wa milimita 1, basi ukingo wa atomi yake ungekuwa mbali kiasi cha mita 30. Sehemu iliyobaki ni ya elektroni, ambazo ni nyepesi sana.

Atomi ya sodiamu ina protoni 11 katika kiini chake, na elektroni 11 nje yake. Elektroni hizo zimepangwa kwa tabaka: 2 karibu na kiini, 8 katika tabaka la pili, na 1 peke yake katika tabaka la nje. Elektroni hiyo iliyo peke yake ndiyo ileta moto wa manjano.

MGEMA NA VIDATO

Mgema apandapo mnazi huweka mguu katika vidato vilivyochongwa katika shina. Aweza kusimama katika kidato cha kwanza au cha pili, lakini hawezi kusimama kati ya viwili hivyo, kwa kuwa hapana mahali pa kuweka mguu. Mwaka 1913 mtaalamu wa Denmark, Niels Bohr, alieleza kwamba elektroni nayo ina vidato vyake ndani ya atomi. Wataalamu waliofuata walionyesha kwamba elektroni haizunguki kiini kama sayari izungukavyo jua, bali imetanda kama wingu. Hata hivyo, habari ya vidato imebaki kuwa kweli mpaka leo.

Joto la moto likiigonga atomi ya sodiamu, ile elektroni ya nje hupanda kidato. Haikai huko. Kabla hata jicho halijapepesa, hushuka tena, na nguvu iliyoipandisha hutoka ikawa mwanga. Kwa kuwa umbali kati ya vidato hivyo ni ule ule katika kila atomi ya sodiamu, mwanga utokao nao ni wa rangi ile ile daima, yaani manjano. Atomi za elementi nyingine zina vidato vya namna nyingine: shaba huupa moto rangi ya kijani, na potasiamu huupa rangi ya zambarau hafifu. Kwa hiyo rangi ya moto ni kama alama ya kidole. Haimsingizii mtu mwingine.

Jambo hili huenda pia kinyume chake. Mwanga wa manjano ukipita katika mvuke wa sodiamu, atomi humeza mwanga ule ule ambao zingeweza kuutoa, na elektroni zikapanda. Mwaka 1814 Joseph von Fraunhofer wa Ujerumani aliuchunguza mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, ambacho huutenga katika rangi zake kama upinde wa mvua, akaona ndani yake mistari myeusi mingi. Kiasi cha mwaka 1859, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, huko Heidelberg, walifahamu maana yake: mistari miwili ya sehemu ya manjano yalingana kabisa na rangi ya sodiamu. Basi ilijulikana kwamba ndani ya jua imo elementi ile ile iliyomo katika chumvi ya mpishi.

Tarehe 18 Agosti 1868 jua lilipatwa, na kivuli cha mwezi kikapita Aden na Bara Hindi. Katika miali ya jua ulionekana mstari mwingine wa manjano, ulio karibu na ile ya sodiamu lakini usiolingana nayo. Norman Lockyer wa Uingereza alisema ni elementi isiyojulikana duniani, nayo ikaitwa heliamu. Ilipita miaka 27 kabla William Ramsay hajaipata hapa duniani, mwaka 1895.

MWANGA USIOONEKANA

Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba mwanga huenda kwa mafungu madogo. Fungu la mwanga mwekundu lina nguvu kidogo. La manjano lina zaidi. La zambarau lina zaidi ya hilo. Na ng'ambo ya zambarau iko miale isiyoonekana kwa jicho, iitwayo urujuanimno, ambayo kila fungu lake lina nguvu kubwa zaidi. Miale hii huweza kupandisha elektroni zinazoshikanisha atomi za mwilini, hata atomi zikashikana mahali pasipofaa. Hapo ndipo ngozi huungua, na baada ya miaka mingi huweza kupata saratani. Machoni, miale hiyo ni mojawapo ya sababu za mtoto wa jicho, na za ile nyama inayoota juu ya weupe wa jicho.

Wengi hudanganyika hapa. Joto lisikikalo mwilini si kipimo cha urujuanimno. Mvuvi aliye baharini hupulizwa na upepo, akajiona salama, na huku miale inamfikia. Mawingu mepesi hayaizuii yote, na maji na mchanga mweupe huirudisha kutoka chini. Munje iko digrii 4 na nusu hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huwa juu sana mwaka mzima.

Mwili una kinga yake, nayo ni rangi nyeusi ya ngozi iitwayo melanini, ambayo huimeza miale hiyo na kuigeuza kuwa joto dogo. Watu wenye ualbino hawana kinga hii ya kutosha. Kwao kivuli, nguo na mafuta ya kukinga jua si anasa hata kidogo, bali ni uhai.

MCHANGA WA KWALE

Katika Kwale yenyewe, upande wa Maumba na Nguluku, mna mchanga wenye madini ya titaniamu, uliochimbwa na kampuni ya Base Titanium toka mwaka 2013 hadi Desemba 2024. Madini hayo ni ya rangi ya giza kwa sababu yamechanganyika na chuma na vitu vingine. Lakini atomi moja ya titaniamu ikishikana na mbili za oksijeni, na uchafu ukaondolewa wote, hupatikana unga mweupe kabisa. Sababu yake ni vidato. Katika unga huo kidato cha kupanda kiko juu mno, hata mwanga uonekanao hauwezi kuifikisha elektroni huko. Mwanga wote hurudishwa, na jicho likaona weupe. Ndiyo maana unga huo hutiwa katika rangi za kupaka nyumba. Urujuanimno, kwa kuwa una nguvu zaidi, hukifikia kidato hicho, nao humezwa. Kwa hiyo unga huo huo hutiwa katika baadhi ya mafuta ya kukinga jua.

MAMBO YA KUFANYA

Afanyaye kazi juani na avae kofia pana ya miyaa na nguo ya mikono mirefu iliyofumwa kwa kusongamana. Miwani ya jua iwe ile iliyoandikwa kwamba huzuia urujuanimno. Miwani myeusi isiyo na kinga hiyo yaweza kudhuru, kwa kuwa mboni hupanuka nyuma ya giza lake na kuipokea miale zaidi. Kazi iwezayo kungoja na isifanywe kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Jua lisitazamwe kwa macho matupu, hata likiwa limepatwa. Mzazi mwenye mtoto aliye na ualbino na aulize habari za mafuta katika ofisi za Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo limekuwa na mpango wa kuwapatia mafuta hayo. Na aonaye kidonda cha ngozi kisichopona, au ukungu machoni, asingoje, bali aende hospitali mapema.