Uthamini wa Picha za Kizalendo za Ukutani: Umri, Uchapaji na Thamani katika Muktadha wa Matongo, Mkoa wa Mara

Makala haya yanafafanua namna ya kuthamini picha za kizalendo zilizochapwa na kutundikwa sebuleni, madukani na ofisini nchini Tanzania tangu Uhuru, kwa kuzingatia Matongo, wilayani Tarime. Eneo hilo limo katika mkoa alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere, ambaye sura yake imetawala picha za aina hiyo. Aidha, lipo jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, na kwa hiyo suala la kuhamisha kaya na kuzilipa fidia si la kinadharia. Kanuni za Fidia za 2001, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, huhesabu ardhi, maendelezo yaliyofanywa juu yake, pamoja na posho za usumbufu, usafiri na makazi. Picha iliyo ukutani haihesabiwi, kwa kuwa ni mali inayohamishika. Mwenye nyumba hutarajiwa kuibeba. Asipojua alichonacho, huweza kuiacha ianguke pamoja na ukuta.

Swali la kwanza la mthamini ni umri, na hapa makosa ni mengi, kwani tarehe ya tukio huchukuliwa kuwa tarehe ya chapa. Picha ya Mwalimu akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar ni ya Aprili 1964, lakini imechapwa upya mara nyingi. Ni vyema kuanza na maandishi yaliyo chini ya picha. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Mei 1961 hadi Januari 1962, na Rais wa Tanganyika kuanzia Desemba 1962 hadi Muungano. Jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar lilitumika kwa takribani miezi sita tu, kabla ya jina la Tanzania kushika nafasi yake Oktoba 1964. Karatasi yenye jina hilo refu inastahili kuchunguzwa kwa makini. Maandishi yanayomtaja kuwa Mwenyekiti wa CCM bila kumtaja kuwa Rais huelekeza kati ya Novemba 1985 na Agosti 1990. Neno "hayati" haliwezi kutangulia 14 Oktoba 1999.

Hata hivyo, anayechapa upya huweza kunakili maandishi ya kale pamoja na sura. Hivyo basi, maandishi huthibitishwa kwa kuchunguza uchapaji wenyewe. Chini ya kioo cha kukuzia mara kumi, chapa ya ofseti huonyesha nukta zilizojipanga kwa safu. Chapa ya printa ya wino ya siku hizi huonyesha nukta zilizotawanyika ovyo. Picha halisi ya kamera iliyosafishwa kwa dawa haina nukta kabisa. Nakala iliyotokana na kupiga picha chapa nyingine mara nyingi huwa na nukta juu ya nukta, na hutoa michirizi kama mawimbi. Kipimo cha miale ya urujuanimno, kinachosifiwa sana katika vitabu vya Ulaya, hakisaidii sana hapa. Hutenganisha karatasi za kabla ya miaka ya 1950 na zile zilizotiwa kemikali za kung'arisha, ilhali picha za Uhuru zote ni za baadaye.

Kanga za kumbukumbu, ambazo baadhi ya kaya huzitundika kama pazia au pambo, huthaminiwa kwa pindo, mji na jina. Doti kamili ina thamani kuliko kipande kimoja. Kanga yenye jina la CCM haiwezi kuwa ya kabla ya 5 Februari 1977, na yenye jina la kiwanda cha Urafiki haitangulii 1968.

Ugumu mkubwa uko kwenye bei. Mbinu ya kulinganisha mauzo, ambayo ni tegemeo la uthamini wa nyumba na mashamba, huhitaji mauzo yanayojulikana. Picha hizi aghalabu hupita kimyakimya kwa urithi na zawadi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, nayo haisaidii sana, kwa kuwa malikale inayohamishika hupimwa kwa kigezo cha kutengenezwa kabla ya 1863. Ni sahihi zaidi taarifa itenganishe bei ya soko, thamani ya kihistoria na thamani ya ukoo, kuliko kuzijumlisha katika tarakimu moja inayoonekana ya kitaalamu lakini haina msingi.

Hali ya picha huathiri zote tatu. Moshi wa jikoni, mchwa, unyevu na selotepu ni adui wa kawaida. Lakini hasara kubwa kuliko madoa ni ukingo uliokatwa ili karatasi iingie kwenye fremu, kwa sababu mara nyingi jina la mchapaji huwa hapo. Fremu ya awali isitupwe hata ikiwa mbovu, na karatasi iliyoganda kwenye kioo isibanduliwe kwa nguvu. Kabla ya siku ya kuthamini nyumba, kila picha ipigwe picha mbele na nyuma, na maelezo ya mwenye mali kuhusu alikoipata yaandikwe kwenye karatasi ya pembeni. Ikilazimu kuandika mgongoni, itumike penseli, kwa kuwa wino hupenya hadi upande wa mbele.