Je, Wajua? Mwananchi Ndiye Mkopeshaji wa Barabara

Tangu 2009, Kenya imekuwa ikiuza hatifungani za miundombinu. Serikali hukopa kwa wananchi, benki na mifuko ya pensheni ili kugharimia barabara, maji na nishati. Kivutio kikubwa: riba yake haikatwi kodi. Mwaka 2017 ikaja hatifungani ya M-Akiba, na hata mama mboga akaweza kuikopesha serikali kwa simu, kuanzia shilingi 3,000. Februari 2024, hatifungani ya miaka minane na nusu ilitoa riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka; serikali iliomba bilioni 70, ikachukua zaidi ya bilioni 240! Riba hiyo nono hulipwa na mlipa kodi. Basi, ndugu msomaji, ulizia barabara yako.