Fremu Haina Breki: Kumwanzisha Mtoto Barafuni kwa Usalama

Kila Januari na Februari, watoto wetu wanaosoma shule za msingi hapa Toronto na miji jirani hurudi nyumbani na karatasi ya ruhusa. Darasa linakwenda uwanja wa barafu, mzazi atie sahihi, na mtoto aje na helmeti yenye alama ya CSA, shirika la viwango la Kanada. Wengi wetu tuliotoka Mombasa, Tanga, Bukavu au Bujumbura tunaitia sahihi bila kujua mtoto anakwenda kufanya nini hasa. Akifika kule anafungwa viatu vyenye bapa la chuma, anawekewa mbele yake sili wa plastiki au fremu ya mabomba, anaambiwa ashike asukume. Picha inayotumwa nyumbani inapendeza: mtoto kasimama, kashika, anacheka. Nasi tunaamini kwamba alichoshika ndicho kinachomlinda.

Hakimlindi. Kinampa pa kushika wakati miguu inajifunza, na faida yake ni hiyo tu. Kinachomlinda ni helmeti, kimo cha kifaa, mwendo wa polepole na mtu mzima anayejua la kufanya. Mzazi akilijua hilo kabla ya kwenda, ajali nyingi hazitatokea.

Vifaa vyenyewe utavikuta vimepangwa karibu na mlango wa kuingilia barafuni. Kuna sili, pengwini na pomboo wa plastiki ngumu wenye vishikio viwili, na kuna fremu za mabomba zenye nyayo mbili ndefu za kutelezea, mfano wa zile wanazotembelea wagonjwa wanaotoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Viwanja vingine huviazima bure, vingine hukodisha. Huko Uholanzi, vizazi kwa vizazi, watoto wamejifunza kwa kusukuma kiti cha mbao cha jikoni juu ya mfereji ulioganda. Lakini usibebe kiti cha kukunja kutoka nyumbani ukadhani kitafaa: miguu yake ya chuma huchimba barafu, kinaweza kujikunja ghafla mtoto akikiegemea, na viwanja vingi havikiruhusu. Hata kifaa ulichonunua dukani, uliza kwanza kabla ya kuingia nacho, maana kila uwanja una masharti yake.

Sasa tuje kwenye breki. Barafu ya uwanja wa ndani ni tabaka jembamba, sentimita tatu hivi, juu ya sakafu ya zege iliyopitishwa mabomba ya ubaridi. Ile mashine kubwa wanayoiita Zamboni, kwa jina la Frank Zamboni aliyeibuni California mwaka 1949, hukwangua uso uliochakaa na kumwaga maji ya moto yanayoziba mikwaruzo. Ikishapita, barafu inabaki laini kabisa. Kitu chepesi cha plastiki kikisukumwa juu yake hakisimami mpaka kigonge kitu. Kinachoweza kukipunguza mwendo ni miguu ya anayekisukuma, na miguu ya mtoto anayeanza leo haijajua kupunguza mwendo.

Nililiona hili kwenye uwanja mmoja wa nje, Jumapili mchana, watu wamejaa. Binti wa miaka kama mitano alikuwa ameshika fremu, akijikongoja vizuri tu. Mjomba wake, kijana anayejua kuteleza, akaja nyuma yake, akamshika kiunoni, akaanza kuwakimbiza wote wawili, mtoto na fremu. Mtoto alipiga kelele, “Mjomba, polepole!” lakini alikuwa anacheka, na mjomba akadhani ni raha tupu. Uwanja ulikuwa haujapitiwa na mashine kwa muda. Ncha ya mbele ya unyayo wa fremu ikaingia kwenye mfereji uliochimbwa na viatu vya hoki, fremu ikakwama, mtoto akaendelea mbele. Mdomo ukagonga bomba la juu. Helmeti alikuwa nayo, imefungwa sawasawa, na haikuguswa mahali popote. Mdomo wa chini ulipasuka, na mjomba akabaki amepiga magoti barafuni akiizuia damu kwa glavu yake.

Kijana yule hakuwa mzembe. Alimpenda mtoto, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kifaa kile kimetengenezwa kisukumwe na mtoto mwenyewe, kwa mwendo ambao miguu yake mwenyewe inaweza kuumudu. Mtu mwingine akiongeza nguvu zake, mtoto anakwenda kasi ambayo hana namna ya kuizuia. Viko vifaa vyenye kiti, ambavyo mtoto hukaa na mkubwa akasukuma. Hivyo navyo anayesukuma lazima awe anajua kusimama barafuni bila kushika kitu. Mtu mzima aliyevaa viatu hivi kwa mara ya kwanza asimsukume mtoto yeyote. Na kumbeba mtoto mikononi au mgongoni ukiwa unateleza kunakatazwa karibu kila uwanja, kwa sababu mkubwa akianguka, mtoto ndiye anayetangulia chini.

Kimo nacho ni cha kupimwa kabla ya kuingia, mtoto akiwa amesimama kwenye zulia la mpira na viatu vyake miguuni. Kishikio kiwe usawa wa kiuno au juu yake kidogo, viwiko vikunjike. Kikifika kifuani na kupanda, mtoto ananing’inia, na kidevu chake kinakuwa sambamba na bomba. Kikiwa chini mno anainama, makalio yanabaki nyuma, na miguu inateleza kurudi nyuma mpaka anaanguka kifudifudi. Asimame karibu na kifaa, kati ya nyayo zake mbili, magoti yakunjwe, macho yatazame mbele. Mikono ishike kwa wepesi. Ukiona vifundo vya vidole vimekakamaa, jua uzito wote uko mikononi na miguu haijifunzi kitu.

Viatu vyenyewe wengi hawavijali, na hapo ndipo kazi huharibika mapema. Bapa la kiatu lina makali mawili, ya ndani na ya nje, na kati yake kuna mfereji mwembamba. Likiwa butu, mguu unachepuka upande na hakuna fremu itakayousaidia. Ukikodisha viatu, mwombe mhudumu akuonyeshe kama vimenolewa. Kisigino kikae imara bila kupanda, kamba zikazwe hasa kwenye kifundo cha mguu, na soksi iwe moja, nyembamba. Soksi mbili nene, ambazo sisi huzipenda kwa kuogopa baridi, hulegeza mguu ndani ya kiatu.

Nirudi kwenye helmeti. Jiji la Toronto linalazimisha helmeti iliyoidhinishwa na CSA kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 6 kwenye viwanja vyake wakati wa kuteleza kwa kujifurahisha, na linawahimiza wengine wote wavae. Inayotakiwa ni ya hoki. Ya baiskeli imeundwa kwa pigo moja kubwa, na anayejifunza barafuni huanguka mara nyingi, mara nyingine chali, akigonga kisogo. Ukiweza, nunua yenye wavu wa uso. Yule binti angekuwa nao, mdomo wake ungesalimika. Ukinunua ya mtumba, tafuta stika ya CSA, kagua nyufa, bonyeza sifongo za ndani uone kama bado zina uhai.

Kuna jambo linalowahusu watoto wetu hasa, na shule hailiandiki kwenye karatasi. Helmeti haikai juu ya fundo la nywele la utosini, wala juu ya kilemba, wala juu ya kofia nene ya sufu. Inapanda, inacheza, na siku ya kuanguka inachomoka. Misuko ifungwe chini, usawa wa shingo. Binti anayevaa hijabu avae ile ya kubana, ya michezo, na ncha zake ziingizwe ndani ya koti. Helmeti ijaribiwe dukani na mtindo wa nywele atakaokuwa nao siku hiyo. Iache nafasi ya vidole viwili juu ya nyusi, mkanda wa kidevu upitishe kidole kimoja, na akitikisa kichwa isizunguke. Shali ndefu haina kazi barafuni, hujinasa. Akina mama wanaotaka kuingia na watoto, na ni vizuri mwingie, vaeni suruali. Dera au buibui juu yake liishie juu ya kifundo cha mguu, maana pindo likikanyagwa na bapa la chuma unaanguka bila onyo.

Glavu ni lazima hata siku isiyo na baridi. Aliyeanguka huweka viganja chini, na viatu vya wengine vinapita. Mfundishe akianguka akunje ngumi, azivute kifuani, kisha ainuke upesi.

Kuinuka huko afundishwe kabla ya kupewa fremu, na hapa sina shaka hata kidogo. Apige magoti, aweke mguu mmoja mbele, akandamize goti hilo kwa mikono miwili, asimame. Arudie mpaka asihitaji kuvutwa. Katika mpango wa CanSkate unaoendeshwa na Skate Canada, kuanguka na kuinuka ni miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa, na helmeti ya CSA ni sharti mpaka mwanafunzi amalize hatua ya 5. Mtoto asiyejua kuinuka ataikwea fremu kama ngazi ili asimame, na fremu nyepesi itampindukia.

Uwanjani kuna njia, kama barabarani. Wote huzunguka upande mmoja, mara nyingi kinyume cha mwendo wa saa, na wahudumu huwaonyesha wanaoanza sehemu yao. Viwanja vingine huizungushia koni. Mwenye kifaa asikate njia katikati ya watu. Mtoto mmoja kwa kifaa kimoja. Wakitaka kushindana, kaeni pembeni mpumzike. Na akichoka, kifaa kitolewe barafuni. Kilichoachwa njiani ni hatari kubwa kwa anayeteleza kinyumenyume, ambaye haoni kilicho nyuma yake.

Barafu ya asili inahitaji tahadhari zaidi. Mfereji wa Rideau kule Ottawa huganda na kuwa njia ya kutelezea yenye urefu wa kilomita 7.8, na familia nyingi za kwetu huupanga uwe safari ya likizo ya Februari. Barafu yake hupasuka na kuganda tena, inakuwa na mabonde na nyufa ambamo unyayo wa fremu hunasa kwa urahisi. Majira ya baridi ya 2022–23 njia hiyo haikufunguliwa hata siku moja, kwa mara ya kwanza tangu ianze, kwa kuwa barafu haikukomaa. Bendera nyekundu ikipepea, geukeni mrudi. Mtoto anayeanza, mwanzisheni kwenye uwanja unaogandishwa kwa mashine.

Je, fremu aishike mpaka lini? Walimu wengi wanataka iachwe mapema, nami naungana nao. Aliyezoea kuegemea hujifunza kuegemea. Mpe kwa mizunguko michache, kisha iweke hatua tatu mbele yake aifuate mwenyewe kwa hatua fupifupi, halafu tano. Akiweza kupiga hatua kumi bila kushika, mfundishe kusimama: vidole vya miguu vielekezane, visigino visukumwe nje, makali ya ndani yakwangue barafu mpaka yatoe unga. Siku akisimama hivyo mara tatu mfululizo, mwachie mwenziwe fremu.

Akigonga kichwa, hata kama helmeti haina ufa, mtoeni barafuni siku hiyo na asirudi. Helmeti huzuia fuvu kupasuka lakini haiuzuii ubongo kutikisika ndani yake. Ontario ilipitisha Sheria ya Rowan, kuhusu mtikisiko wa ubongo michezoni, mwaka 2018, kwa kumkumbuka Rowan Stringer, msichana wa Ottawa aliyefariki mwaka 2013 akiwa na miaka 17 baada ya kuumia kichwa mara kadhaa akicheza raga. Angalieni kichwa kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, hasira za ghafla. Akizimia au akitapika mara kwa mara, pigeni 911. Mkiwa na wasiwasi mdogo kuliko huo, namba 811 ina muuguzi saa zote, na mnaweza kuomba mkalimani.

Wapo wazazi wanaosema mchezo huu si wetu. Nairobi kuna uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari tangu 2005, na hapo ndipo ilipokulia timu ya hoki ya Kenya, Ice Lions, iliyoalikwa Kanada mwaka 2018 na kucheza bega kwa bega na nyota wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Watoto wetu wana kila haki ya kuujua mchezo huu, na majira ya baridi hapa ni marefu mno kuyamaliza sebuleni.

Viwanja vya nje vya jiji la Toronto ni bure, na vingi hufunguliwa kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Machi. Nendeni asubuhi ya Jumamosi mapema, kabla vijana wa hoki hawajajaa na barafu haijachimbika. Kwa mafunzo ya kulipia, familia zenye kipato kidogo zinaweza kuomba msaada wa jiji unaoitwa Welcome Policy, na viko vituo vya jumuiya ambavyo mafunzo yake hayalipiwi. Fomu ya Welcome Policy ijazwe wiki nyingi kabla ya siku ya usajili, maana nafasi za watoto wadogo huisha asubuhi ileile zinapofunguliwa.